Asili ya Yoga na Asili ya Vuga: Nani Huandika Mwanzo?

Utangulizi

Katika masomo yetu ya fasihi neno "asili" halitukauki mdomoni. Tunajadili asili ya ushairi, asili ya riwaya, asili ya ngano fulani, na mara nyingi mjadala huishia kwenye ugomvi wa nani alianza. Katika makala haya nataka kulichukua swali hilohilo na kulipeleka mahali ambapo wengi wetu hatujazoea kulipeleka, yaani kwenye yoga. Najua wapo watakaocheka. Kwa masikio ya watu wa milimani kwetu neno lenyewe liko jirani mno na uyoga, na mwingine atadhani umemwambia akaoge. Lakini yoga si kunyoosha viungo tu. Ni jambo lenye matini zake, wafasiri wake na wahakiki wake, na zaidi ya yote lina hadithi ya mwanzo ambayo hurudiwa karibu kila linapofundishwa: eti lina umri wa miaka elfu tano na tangu hapo halijabadilika.

Hoja yangu ni hii. Yoga haikudumu kwa sababu haikubadilika. Ilidumu kwa sababu kila zama ziliiandika upya. Na ilisafiri dunia nzima kwa sababu uwanja wake ni mwili wa mtu mmoja, na mwili husafiri. Ili kuipima hoja hii nitaiweka yoga kando ya kitu ninachokijua kwa karibu zaidi, nacho ni uganga wa nchi wa Vuga, mji mkuu wa zamani wa Wakilindi katika milima ya Usambara. Mimi ni mtu wa huko. Nimekua nikisikia uganga ule ukiitwa ushirikina, na nilipofika mjini nikasikia yoga ikiitwa falsafa. Tofauti hiyo ya majina ndiyo iliyonichokoza.

Neno lenyewe

Tuanze na neno, kama walimu wetu walivyotufundisha. "Yoga" ni neno la Kisanskriti linalotokana na mzizi wenye maana ya kuunga au kufunga nira. Katika Rigveda, matini kongwe kuliko zote za Kihindi, neno hilo linahusu kuwafunga farasi kwenye gari la vita. Hakuna mtu aliyekaa chini akafumba macho. Kuna farasi, hatamu na safari.

Karne nyingi baadaye, katika matini iitwayo Katha Upanishad, ambayo wataalamu wengi huiweka kati ya karne ya 5 na ya 3 K.K., sitiari ya gari inageuka. Sasa gari ni mwili, farasi ni hisia, hatamu ni akili, na anayeendesha ni busara. Kuwatuliza farasi hao ndiko kunakoitwa yoga. Nawaomba wahakiki wenzangu wazingatie fani ya matini hii. Si hotuba, ni kisa. Kijana aitwaye Nachiketa anapelekwa kwa Mauti kwa hasira ya baba yake. Anasubiri siku tatu mlangoni bila mwenyeji. Mauti anaporudi anaona aibu kumwacha mgeni na njaa, anampa haki ya kuomba mambo matatu. Kijana anauliza nini humpata mtu baada ya kufa. Mauti anajaribu kumhonga kwa mali, ng'ombe, tembo na maisha marefu. Kijana anakataa. Ndipo anafundishwa. Kwa lugha yetu ya darasani tungesema huyu ni shujaa wa safari, na mafunzo ya yoga ni zawadi anayorudi nayo.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Kiswahili chetu kilichukua neno "gari" kutoka lugha za Kihindi, pamoja na "laki", "chapati" na mengine mengi yaliyoletwa na biashara ya bahari. Gari tulilichukua mapema, yoga tukaiacha hadi juzi. Lugha huchukua kinachouzwa. Na yoga, kama nitakavyoonyesha, ilichelewa sana kuwa kitu cha kuuzwa.

Muhuri wa Mohenjo-daro

Basi hiyo miaka elfu tano imetoka wapi? Kwa kiasi kikubwa imetoka kwenye muhuri mmoja mdogo wa jiwe, ambao unaweza kuufunika kwa vidole viwili. Ulifukuliwa Mohenjo-daro, katika bonde la mto Indus, mwaka 1928 au 1929. Unaonyesha mtu mwenye pembe kichwani, ameketi visigino vikiwa vimekutana, amezungukwa na tembo, chui milia, kifaru na nyati. Mwaka 1931 John Marshall, aliyekuwa mkuu wa idara ya mambo ya kale ya India chini ya Waingereza, aliandika kwamba huyo ni Shiva katika umbo la awali, na kwamba ameketi mkao wa yoga.

Tangu hapo muhuri umebeba mzigo mkubwa. Lakini maandishi ya watu wale wa Indus hadi leo hayajasomwa. Hatujui huyo aliyeketi ni mungu, mfalme au mganga. Wapo wataalamu walioupinga usomaji wa Marshall, wakasema mkao huo ni mkao wa kawaida wa kuketi, na kwamba pembe zinaweza kuwa na maana nyingine kabisa. Kwa mtazamo wangu hili ni somo kamili la uhakiki. Marshall aliijua yoga ya baadaye, akarudi nayo nyuma zaidi ya miaka elfu mbili na kuikuta kwenye jiwe. Msomaji alileta maana mfukoni mwake, akaitoa, akasema ameiokota.

Patanjali na vikao vyake vitatu

Matini ambayo kila mwalimu wa yoga huitaja ni Yoga Sutra ya Patanjali. Wataalamu wengi wa sasa huiweka karibu na mwaka 400 B.K. Ni mkusanyo wa kauli fupifupi zipatazo 195, fupi kiasi kwamba bila mfafanuzi huelewi kitu. Patanjali anasema, kwa maneno yangu, kwamba yoga ni kuutuliza mtibuko wa nafsi hadi iwe kama maji yasiyo na upepo. Anaipanga njia hiyo katika hatua nane, kuanzia na maadili ya kutodhuru wala kusema uongo, hadi utulivu wa mwisho.

Sasa swali: katika kauli hizo 195, ngapi zinahusu mikao ya mwili? Tatu. Na zenyewe hazifundishi mkao wowote kwa jina. Zinasema tu kwamba kikao kiwe imara na kisisumbue. Mtu anayekwenda leo ukumbini kunyoosha mgongo kwa saa nzima na kuambiwa kuwa anafuata njia ya Patanjali, kwa kweli anafuata kitu kingine kilichovikwa jina la Patanjali. Sisemi kwamba anadanganywa. Nasema kwamba anasimama mwishoni mwa safari ndefu na kuambiwa kwamba yuko mwanzoni.

Isitoshe, Patanjali hakuwa peke yake. Kabla yake, Mabudha na Wajaini walikuwa na mazoezi yao ya kujinyima na kutafakari. Katika Bhagavad Gita, Krishna anamfundisha Arjuna yoga ya matendo, ya ibada na ya maarifa. Wanazungumza wapi? Juu ya gari la vita, katikati ya majeshi mawili. Gari limerudi tena! Kwa hiyo hata huko zamani hakukuwa na yoga moja. Palikuwa na neno moja lililogombaniwa na wengi.

Yoga kwa Kiarabu

Hapa pana jambo linalowahusu wasomaji wetu wa mwambao na wote wanaobishana bwenini kama Mwislamu au Mkristo anaweza kufanya yoga. Mjadala huo si wa kupuuza. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu kuifanya, na wapo wachungaji wanaowakataza waumini wao vilevile. Wanaokataza wana sababu zao, nami si mtu wa kuamua mambo ya imani. Lakini historia inaonyesha kwamba swali hili ni kongwe, na kwamba halikujibiwa kwa namna moja.

Katika karne ya 11 mwanachuoni mkubwa Al-Biruni, aliyefariki karibu na mwaka 1050, aliitafsiri Yoga Sutra pamoja na ufafanuzi wake kwa Kiarabu. Hakuwa mfuasi, alikuwa mtafiti, akaiweka katika muundo wa maswali na majibu ili msomaji wa Kiarabu aielewe. Katika karne ya 16 shehe wa Kisufi Muhammad Ghawth wa Gwalior, aliyefariki mwaka 1563, alitunga kwa Kiajemi kitabu kiitwacho Bahr al-hayat, akitumia matini iliyotoka kwa mayogi. Yeye aliyachukua mazoezi ya pumzi na mikao na kuyaingiza ndani ya usufi. Nakala moja ya kitabu hicho, iliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1600, ina picha za mikao hiyo, na ni miongoni mwa michoro ya zamani kabisa ya mikao ya yoga iliyopangwa kwa mfululizo. Kumbe picha za mapema za yoga tunazodaiwa kuzitafuta mahekaluni zimo ndani ya kitabu cha shehe!

Mwili unaingia

Mikao yenyewe ilipata nguvu katika mkondo uitwao hatha, unaojitokeza katika matini kuanzia karne ya 11. Hawa hawakuridhika kuutuliza moyo. Walitaka kuushika mwili, pumzi na nguvu za uzazi, ili kuahirisha uzee na hata kuishinda mauti. Matini yao maarufu, Hathapradipika ya Svatmarama ya karne ya 15, inaeleza mikao 15. Kutoka kikao kimoja tu kilicho imara hadi 15. Hesabu imeanza kupanda.

Halafu ikaja karne ya 19 na ukoloni. Wasomi wengi wa Kihindi wa wakati ule waliwaonea haya mayogi waliojipinda barabarani wakiomba sadaka. Swami Vivekananda, aliyeuteka mkutano wa dini za dunia huko Chicago mwezi Septemba 1893, alitoa kitabu chake Raja Yoga mwaka 1896. Ndani yake aliisifu yoga ya Patanjali kama sayansi ya nafsi, na mikao ya hatha akaisukuma pembeni. Huyu ndiye aliyeipa yoga pasi ya kusafiria, lakini yoga aliyosafiri nayo haikuwa na mikao.

Mikao ilirudi kupitia ikulu. Mwaka 1933 mtawala wa Mysore, Krishnaraja Wadiyar IV, alimpa Krishnamacharya ukumbi wa kufundishia yoga katika jumba lake. Mwaka 1934 mwalimu huyo alitoa kitabu Yoga Makaranda. Wanafunzi wake, akiwemo Pattabhi Jois na B.K.S. Iyengar, ndio walioieneza yoga ya mikao duniani. Kitabu cha Iyengar cha mwaka 1966, Light on Yoga, kina mikao ipatayo 200. Linganisha na 15 ya Svatmarama na kikao kimoja cha Patanjali.

Mtafiti Mark Singleton, katika kitabu chake cha mwaka 2010, alidai kwamba yoga ya Mysore ilichanganyika na mazoezi ya viungo ya Ulaya, ya kijeshi na ya vyama vya vijana, yaliyokuwa yameenea India nzima wakati huo. Wengi walikasirika. Baadaye, mwaka 2017, yeye pamoja na James Mallinson walichapisha mkusanyo wa matini za kale unaoonyesha kwamba baadhi ya mikao isiyo ya kuketi ilikuwepo kabla ya ukoloni. Kwa hiyo ukweli uko katikati: si uzushi mtupu wa Waingereza, wala si urithi mtupu wa miaka elfu tano.

Na Krishnamacharya mwenyewe alisemaje juu ya asili? Wanafunzi wake walisimulia kwamba mafunzo yake yalitoka katika kitabu cha kale kiitwacho Yoga Korunta, kilichoandikwa juu ya majani, ambacho baadaye kililiwa na wadudu. Hakuna nakala yake iliyopata kuonekana. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayaelewa haya mara moja. Kitabu kilicholiwa ni mwanzo usioweza kukaguliwa. Kinampa mwalimu mamlaka ya wahenga na wakati huohuo uhuru wa kubuni. Simcheki. Nadhani alifanya kile ambacho kila fanani hufanya: aliweka jambo jipya kinywani mwa wazee ili lipokelewe.

Vuga: mwanzo mwingine

Sasa tupande mlima. Vuga nayo ina hadithi yake ya mwanzo, na inajulikana zaidi kupitia Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Kitabu hicho kilichapishwa kwa sehemu na misheni ya Magila kati ya mwaka 1895 na 1907, kisha kikatolewa tena na East African Literature Bureau mwaka 1962. Mbegha, mtu wa Nguu, anazaliwa na kuota meno ya juu kwanza, jambo linalohesabiwa kuwa mkosi. Anadhulumiwa urithi, anakimbia, anakaa Kilindi, mtoto wa mkubwa wa huko anakufa wakiwa mawindoni, anakimbia tena. Anaishi porini kama mwindaji wa nguruwe. Anapanda Usambara, anawapa watu nyama nao wanampa vyakula vya shamba. Usiku mmoja anaua simba, na watu wa Vuga wanamfanya mfalme.

Steven Feierman, aliyewahoji wazee wa Kishambaa miaka ya 1960, aliichambua hadithi hii kama matini yenye mpangilio: pori dhidi ya nyumba, nyama dhidi ya vyakula vya shamba, mkosi unaogeuka kuwa neema. Kwa usomaji huu, hadithi ya Mbegha si taarifa ya polisi ya karne ya 18. Ni hoja kuhusu ufalme: kwamba mwenye nguvu za pori, akifungwa vizuri, atailinda nchi. Akifungwa vizuri! Ni nira ileile ya Rigveda, ingawa hakuna aliyeibeba kutoka huko kuja huku. Watu wawili tofauti wanaweza kuuliza swali moja: nguvu kali inatulizwaje?

Lakini jibu la Vuga ni tofauti. Kwa Kishambaa husemwa kuzifya shi, kuiponya nchi, na kinyume chake ni kubana shi, kuiharibu. Mfalme wa Vuga alishika dawa za mvua. Akiwa na nguvu zisizo na mpinzani, mvua inanyesha na watu wanashiba. Nguvu zikipambana na nguvu, inakuja njaa. Mwili unaotibiwa hapa ni milima, mito na migomba.

Kuna tukio moja ninalopenda kulitafakari. Mwezi Februari 1857 Richard Burton na John Speke walifika Vuga. Kimweri ye Nyumbai, mfalme aliyekuwa ametawala kwa miongo kadhaa na ambaye Krapf alikuwa amemtembelea mwaka 1848, alikuwa mzee na mgonjwa. Aliposikia mganga wa Kizungu amekuja, alitaka dawa ya kumrudishia nguvu na ujana. Kwa hiyo mwenye mvua ya nchi nzima hakuwa na dawa ya mwili wake mwenyewe. Hapo ndipo ninapoiona tofauti ya elimu hizi mbili waziwazi. Mayogi wa hatha walitumia karne nyingi kutafuta dawa ya uzee wa mtu mmoja, na mvua ya kijiji haikuwa shughuli yao. Vuga ilikuwa na elimu ya mvua ya wote, na mzee wake akaugua kama wazee wengine. Kimweri alifariki mwaka 1862, na baada yake nguvu zikapambana na nguvu kwelikweli. Semboja wa Mazinde akaichukua Vuga, Wabondei wakaasi, watu wakauzana utumwani. Nchi ilibanwa.

Mwaka 1895

Sasa tuziweke tarehe pamoja, maana ndipo penye uchungu. Mwaka 1893 Vivekananda yuko Chicago. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ya Tanga unaanza, reli iliyofika Mombo, chini ya mlima wetu, mwaka 1905. Mwaka 1895 Wajerumani wanamnyonga Mputa, mfalme wa Vuga. Mwaka huohuo wamisionari wa Bethel wanafungua kituo Vuga, na sehemu ya kwanza ya Habari za Wakilindi inachapwa Magila. Mwaka 1896 Raja Yoga inatoka.

Katika miaka hiyo michache yoga inapata vitu vitatu: kitabu, jukwaa na wafadhili. Uganga wa nchi wa Vuga unapoteza vitu vilevile: mfalme wake ananyongwa, jukwaa lake linafungwa, na kitabu kinachoandikwa kinajaa habari za watawala, vita na urithi wa viti, huku dawa zenyewe zikibaki vinywani. Baadaye Vuga ikapata hata kiwanda chake cha uchapaji, cha misheni, kikachapa vitabu vya kanisa. Sivisemi vibaya vitabu hivyo. Wengi wetu tumejifunza kusoma kwavyo. Nasema tu kwamba mashine ilikuwepo Vuga, na kuzifya shi hakukupita ndani yake. Mwaka 1928 serikali ya Kiingereza ikatunga sheria ya uchawi, na chini ya kivuli chake mganga na mchawi wakatazamwa kwa jicho moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 uchifu ukafutwa.

Wakati Mysore mtawala alikuwa anagharamia ukumbi wa yoga, Usambara mtawala alikuwa karani wa kodi wa mkoloni. Tukisema yoga ilidumu kwa sababu ina kina na uganga ule ulififia kwa sababu ulikuwa ujinga, tunasahau kuhesabu nani alilipiwa na nani alinyongwa.

Mwili husafiri, nchi haisafiri

Hata hivyo sitaki kuimaliza hoja kwa kumlaumu mkoloni tu. Hiyo ni njia ya mkato tuliyoizoea sana. Hata bila Wajerumani nadhani uganga wa Vuga usingekwenda Chicago. Yoga ilianzishwa kwa sehemu kubwa na watu walioacha nyumba: mtawa, mwombaji, mtu wa pangoni. Alichobeba ni mwili na pumzi. Ukimtoa India ukamweka popote, bado anavyo. Ndiyo maana mwaka 2007 Africa Yoga Project liliweza kuanzishwa Nairobi na kuwafundisha vijana wa mitaa ya kipato kidogo hadi wakawa walimu. Hawakuhitaji mto Ganges. Walihitaji mkeka.

Lakini kuzifya shi bila shi ni nini? Huwezi kuiponya nchi ukiwa umeiacha. Elimu hiyo imefungwa na kilima fulani, msitu fulani, msimu wa mvua fulani, na watu wanaoelewana kwamba njaa ya mmoja ni dalili ya ugonjwa wa wote. Huo si upungufu wake, ni maana yake. Kwa hiyo tunapouliza kwa nini elimu moja imeenea na nyingine haikuenea, tusiichukulie kuenea kuwa ndiyo maksi ya mtihani.

Mwacha asili ni mtumwa?

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Naukubali msemo, ila nauliza: asili ipi? Serikali ya India ilipopeleka hoja Umoja wa Mataifa mwaka 2014, na tarehe 21 Juni ikafanywa Siku ya Kimataifa ya Yoga kuanzia 2015, ilikuwa inadai asili. UNESCO ilipoiweka yoga katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwezi Desemba 2016, katika kikao kilichofanyika Addis Ababa, asili hiyo ilipigwa muhuri hapahapa Afrika Mashariki. Huo ni muhuri wa pili baada ya ule wa Mohenjo-daro, na huu unasomeka.

Wapo pia ndugu zetu Wamarekani Weusi ambao miaka ya 1970, Chicago hiyohiyo, walianza kufundisha yoga waliyoisoma katika michoro ya kuta za Misri ya kale, wakisema asili ni Afrika. Naielewa haja yao. Watu walioporwa mwanzo wana haki ya kuutafuta. Lakini kwa mbinu ni Marshall tena: kuchukua mkao unaoujua na kuukuta kwenye jiwe. Na mimi nikisema kesho kwamba Mbegha alikuwa yogi wa kwanza wa Usambara, nitapigiwa makofi ukumbini, na nitakuwa nimemwua Mbegha mara ya pili. Atakuwa nakala ya kitu cha wengine.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba asili ya yoga si nukta moja, bali ni mfululizo wa watu walioandika mwanzo kila mmoja kwa haja ya wakati wake: mtunzi wa Katha kwa haja ya kujua kifo, Al-Biruni kwa haja ya kuelewa jirani, Vivekananda kwa haja ya heshima ya taifa lililotawaliwa, Krishnamacharya kwa haja ya ukumbi na wanafunzi. Uhai wa yoga umo katika kuandikwa huko upya. Kwa hiyo anayeifanya yoga leo asione aibu kwamba mikao yake mingi ni michanga, na anayeikataa asiikatae kwa jina tu bila kujua ni yoga ipi anayoikataa.

Kwa upande wa Vuga, kazi yetu haiko katika kuitafutia umri wala kuipa jina la kigeni ili iheshimiwe. Sheria ya mwaka 2002 ya tiba asili ilirudisha heshima kidogo kwa waganga wa miti shamba, yaani kwa dawa za mwili. Dawa za nchi hazina kifungu. Bado wapo wazee wanaojua kwa Kishambaa tofauti kati ya mvua iliyonyesha tu na mvua iliyoletwa na amani. Hayo ni mawazo ya siasa na mazingira, na leo, milima ikivuliwa misitu yake na mito ikikauka, hayajapitwa na wakati hata kidogo. Yanahitaji kuandikwa kwa Kishambaa na kwa Kiswahili, pamoja na ubishi wao wote, kabla ya kuwa kitabu kilicholiwa na wadudu ambacho wajukuu wetu watalazimika kukibuni. Anayeona nimekosea, hasa wale wa Mlalo na Bumbuli ambao wana Mbegha wao, aandike toleo lijalo. Uwanja ni wake.